Mlango Uliofungwa Mchana

Jumatatu ya juma la Kupalizwa Bikira Maria, mwaka 1954, hapakuwa na mshonaji mwenye furaha Ifakara nzima kumzidi Verediana. Mezani kwake ilikaa cherehani ya mkono, nyeusi, inayong'aa, aliyoazimwa na misheni. Kando yake palikuwa na jora la kitambaa cheupe. Sista Serafina, msimamizi wa shule ya wasichana, alikuwa amemweleza sharti lake bila kuzunguka.

"Magauni ishirini na manne ya maandamano, Jumamosi saa sita mchana. Yakitimia, cherehani itabaki kwako, nawe utashona sare za shule papo hapo nyumbani. Yasipotimia, itapanda lori la Mahenge siku hiyo hiyo. Huko yuko fundi anayeingoja."

Verediana alikuwa na watoto wawili wadogo, na mumewe alikuwa kambi ya uvuvi mtoni hadi mwisho wa mwezi. Kushona huku akiwaona wanawe na kusikia chungu chake kikichemka! Aliona kama bahati imemjia mpaka mlangoni na kubisha hodi. Alipiga hesabu: magauni matano kwa siku. Ijumaa jioni angekuwa amemaliza.

Hesabu hiyo ilisahau jambo moja. Katika bonde la Ifakara, mtu aliye shambani yuko kazini. Mtu aliye nyumbani yupo tu. Mpunga ulikwisha kuvunwa na majirani walikuwa na nafasi. Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Scolastica wa nyumba ya pili, ambaye salamu zake peke yake zilitosha kuivisha ugali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuta uko nyumbani, nikasema nisikupite. Hebu acha hicho chuma kidogo, nikueleze habari za kijiji cha Mbingu."

Kushona huku umempa mgeni mgongo ni utovu wa adabu. Verediana aliacha gurudumu, akageuka, akasikiliza. Bibi alipoondoka akaja Konsolata, kisha Margareta, kisha tena Bibi, aliyekuwa amesahau mwisho wa habari. Jumanne jioni magauni yaliyokamilika yalikuwa manne.

Jumatano asubuhi Verediana alifanya uamuzi wa haraka. Aliwapeleka watoto kwa mama yake, akafunga mlango, akatia komeo. Lo, kazi ilikwenda! Sindano ilikimbia, mishono ilinyooka, naye akaanza kuimba polepole wimbo wa maandamano. Kufikia saa tano alikuwa ameunga magauni matatu.

Ndipo aliposikia minong'ono nje, na mikeka ikikunjuliwa. Mtu akapenga kamasi. Alifungua mlango, utepe wa kupimia shingoni, akakuta ua umejaa wanawake. Konsolata alikuwa na mzigo wa kuni kichwani. Margareta alishika sufuria ya uji. Bibi Scolastica alikuwa amekwisha kujifunga khanga kiunoni, tayari kwa kilio.

"Mama wee!" Bibi alipiga ukelele. "Kumbe mzima?"

"Mzima, Bibi. Nashona."

"Unashona! Mlango umefungwa mchana kweupe, watoto hawapo, ndani mtu anaimba nyimbo za kanisani. Tungefikiri nini? Nimekwisha kukulilia mtaa mzima!"

"Na mimi nimewanyima wanangu uji wao kwa ajili ya marehemu huyu," alisema Margareta. Ua mzima ukaangua kicheko.

Verediana alicheka pia, lakini machozi yalimlenga. Aliwaambia yote: magauni, Jumamosi, lori. Aliwaambia kwamba anawapenda, na kwamba wakiendelea kumtembelea cherehani itaondoka.

Bibi Scolastica alikunja uso. "Sasa kosa ni la nani? Ningekukuta unatwanga, ningeshika mchi wa pili. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni hakai akimtazama mwenzake akitoka jasho. Lakini hicho chuma kina mpini mmoja. Mimi nishike wapi?"

Verediana alimkazia macho. Kisha alikimbilia ndani, akarudi na magauni yaliyoungwa, vifungo na kopo la sindano.

"Shika hapa, Bibi! Pindo hili. Konsolata, wewe vifungo."

Cherehani ilitolewa barazani. Siku hiyo hiyo utaratibu uliwekwa. Asubuhi, mpaka kengele ya saa sita ya misheni, Verediana alikata na kuunga peke yake. Baada ya kengele, wageni walikaribishwa, na kila aliyefika alipewa sindano kabla ya kigoda. Habari za Mbingu zilisimuliwa hadi mwisho, mara mbili, na gurudumu halikusimama. Alhamisi yalitimia kumi na matatu. Ijumaa, ishirini na moja. Jumamosi wageni waliitwa tangu alfajiri, na kengele ilipoanza kulia, Bibi alikata uzi wa gauni la mwisho kwa meno.

Sista Serafina alifika kwa miguu. Barabarani lori lilikuwa linanguruma.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," waliitika wote.

Alihesabu magauni. Kisha akageuza pindo moja baada ya jingine.

"Mishono hii si ya mkono mmoja."

"Ni ya mikono saba, Sista. Kukata na kuunga ni kwangu. Mengine tumesaidiana."

Sista alichagua pindo lililopinda kuliko yote. Alilivuta kwa nguvu. Halikuachia.

"Hili ni la nani?"

"Langu," alisema Bibi Scolastica, kidevu juu. "Limepinda, lakini liulize kama litafumuka."

Sista aliuma midomo asicheke. Alikwenda hadi ukingo wa barabara, akampungia dereva mkono aende zake. Lori liliondoka kuelekea kivukoni, na vigelegele vya wanawake vikafunika ngurumo yake.

"Sare ni sitini," Sista alisema aliporudi. "Kitambaa kitaletwa Jumatatu."

"Kije mapema," alijibu Bibi, huku akimkazia macho Verediana. "Na safari hii pindo nipewe mimi yote. Konsolata atakaa na vifungo vyake."