Shubiri ya Kamis

Dawudi fundi alikaa barazani kwa Rehemah, Kisugu, kofia mkononi, akakataa hata chai.

"Shemeji, nahitaji mkono wa Kamis."

"Na mimi nauhitaji," Rehemah akamjibu. "Mwezi wa saba huu."

Dawudi akainamisha kichwa. Foklifti ile kuukuu, gari la kuinulia magunia, ilikuwa imepona injini na breki. Limebaki jambo moja: mlingoti wake ni mrefu, lazima ukatwe ndipo upite mlango wa ghala la jeshi, Mbuya. Mlango huo ni Kamis peke yake aliyeruhusiwa kuukaribia, akaupima. Walinzi walimnyang'anya futi getini, akapima kwa mkono, akarudi kuandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji: mlango, shubiri kumi na moja. Wiki ile ile watu wasiojitambulisha wakamtia mume wa Rehemah kwenye gari, wakaenda naye.

"Si upime kwa mkono wako?"

"Huu? Kamis alikuwa akiucheka, eti nimeuazima kwa binti yangu." Hakucheka mwenyewe. "Jumamosi gari likikwama mlangoni watasema nimehujumu. Mke wangu Joska ana mimba, shemeji."

Rehemah alitazama njia. Kwa miezi saba alikuwa na tumaini ambalo hakumwambia mtu: gari likizidi kulala, watamkumbuka aliyelijua. Watamtoa, walau aje amalizie kazi yake.

Akachukua uzi, akaingia nyuma ya pazia, akateremsha kanga begani. Kila aliporudi kutoka kazini Kamis alimwekea kiganja wazi hapo: gumba kwenye mfupa wa shingo, kidole cha mwisho kwenye kovu la moto begani. Hakikupungua, hakikuzidi. Rehemah akapiga fundo shingoni, akapiga la pili kwenye kovu. Alikawia.

"Fundo mpaka fundo," akasema alipotoka. "Usiuvute, utanirefushia mume."

Jumamosi alasiri Dawudi akarudi mbio.

"Limepita, shemeji! Juu kumebaki vidole vitatu tu. Magunia yanapanda mpaka darini!"

"Waliuliza nani aliyeupima mlango?"

Dawudi akaizungusha kofia mikononi.

"Hawakuuliza."

Akamrudishia uzi, umeingia grisi. Rehemah akaingia nyuma ya pazia, akaweka fundo moja shingoni, akalitafutia la pili kovu lake, akalishikilia hapo kwa kidole.