Maana ya Kuazima

Mwezi wa pili, mwanga wa bonde la Ravensholme huwa wa kijivu, kijivu cha majivu ya jana, na asubuhi ile ulikuja umebebwa juu ya maji. Mto uliruka kingo, ukavuka barabara, ukapita makaburini pasipo heshima, ukafika mlangoni kwa Hilda Sugden na kuingia bila hodi.

Hilda alikuwa na miaka sabini na mitatu. Thelathini na minne kati ya hiyo aliipitisha mbele ya ubao, akiwafundisha watoto wa bonde lile lugha yao wenyewe. Sasa alibakiwa na mwanafunzi mmoja tu: mumewe Edgar, aliyelazwa na kiharusi, anayejifunza upya kutamka maneno kwa nusu ya mdomo. Kitanda chake kilikuwa katika chumba cha mbele, chini, kwa sababu ngazi za nyumba ile ni nyembamba kama shingo ya chupa, na Edgar alikuwa pande la mtu.

Siku moja kabla, majirani walihama. Hilda alipiga simu halmashauri. Akaambiwa mgonjwa wa kitandani habebwi na gari la kawaida. Gari lake litakuja, akae asubiri. Akakaa. Akasubiri. Kukacha, gari hakuna.

Saa tatu asubuhi, maji yalipomfika vifundoni, alipiga tena. Akapokelewa na sauti iliyorekodiwa, sauti laini, sauti ya mtu aliyekaa pakavu. "Tumefurikiwa na simu. Tafadhali subiri."

Tumefurikiwa. Alilijua neno lile kama mama amjuavyo mwanawe. Alilifundisha kila mwaka. Kwanza maana yenyewe: mto umefurika. Kisha maana ya kuazima: moyo umefurika furaha, soko limefurika matunda, ofisi imefurikiwa na barua. Azimeni, aliwaambia watoto, lakini msisahau kitu kina mwenyewe. Na mwenyewe ndiye huyu sasa, anapanda miguuni pake, kahawia, baridi, ananuka mafuta ya magari.

Maji yalipanda.

Yalimeza zulia, yakameza droo ya chini yenye picha za harusi, yakafika kitandani. Hilda akachomoa mito ya makochi, akamnyanyulia Edgar mgongo, mmoja juu ya mwingine, mpaka mikono ikamwisha nguvu. Mto wa bondeni ukaulowesha mto wa kichwani. Edgar akamtazama, nusu ya uso wake ikitabasamu.

"Umechoka kuniogesha na kitambaa," alisema polepole, "ndio umeniitia mto mzima?"

Wakacheka, wazee wawili ndani ya maji, kicheko kifupi.

Maji yalipanda.

Saa sita alipanda kitandani, akaketi nyuma yake, akampitisha mikono kwapani, akauegemeza ule mgongo mzito kifuani pake na kichwa chake begani. Simu ilishazama. Baridi ya maji yale kwanza hung'ata, kisha hubembeleza, na ikianza kubembeleza ndipo iogopwe. Edgar aliacha kutetemeka. Saa nane kasoro alisema jambo, Hilda asilisikie vizuri.

"Sema tena," alimwambia, kama alivyomzoeza kila siku.

Hakusema tena.

Wazima moto walifika na mashua ya mpira saa tisa. Walimkuta maji yako kifuani, bado amekishikilia juu kichwa cha mumewe. Iliwachukua muda kuifungua ile mikono.

Mwezi uliofuata halmashauri iliita mkutano katika ukumbi wa kanisa. Chai iliandaliwa, na keki za zabibu. Aliyesimama mbele alikuwa Stuart Lumb, mtoto wa mwoka mikate, aliyesoma kwa Hilda miaka minne na kuondoka na zawadi ya insha bora. Sasa ndiye mkuu wa idara ya maafa ya halmashauri. Alisoma karatasi yake vizuri, akipumua penye mikato. Alisema siku ile ofisi ilifurikiwa na simu kupita uwezo wa binadamu. Alisema tangu hapo wamefurikiwa na salamu za pole.

Hilda akasimama. Hakupaza sauti, lakini wote waliopitia darasa lake walijikuta wamenyoosha migongo.

"Stuart. Simu zilikuwa ngapi?"

"Mwalimu, naelewa uchungu ulio nao..."

"Uchungu niachie mwenyewe. Nimekuuliza idadi."

Aliyeketi jirani yake akamvuta mkono akae. Hakukaa. Stuart alipekua karatasi zake, ingawa kila mtu aliona kwamba jibu halimo humo, limo kooni mwake. Angeweza kudanganya. Hilo tu ndilo la kumsifia: hakudanganya.

"Kumi na tisa."

"Kwa saa?"

"Kwa siku nzima, Mwalimu. Tulikuwa watu wawili tu."

"Na yangu ya asubuhi ilikuwa ya ngapi?"

Birika kubwa la chai lilikuwa likitokota pembeni, na hakuna aliyekwenda kulizima.

"Ya tatu," alisema Stuart Lumb, na machozi yakamlenga.

Hilda aliyatazama machozi yale kama alivyokuwa akitazama kazi ya nyumbani iliyoletwa siku si yake. Kisha akachukua koti lake, akatoka. Nyuma yake watu walibaki na vikombe mikononi, hawajui wanywe au waviweke chini.

Taarifa rasmi ilichapishwa mwezi wa nne, ikatumwa kila nyumba. Neno lile la kufurikiwa lilikuwemo, ukurasa wa kwanza, mstari wa pili. Hakuna aliyelifuta.

Hilda aliisoma akiwa amesimama dirishani ghorofani, anakolala siku hizi. Chini, mto ulikuwa umerudi kati ya kingo zake, mwembamba, mpole, unang'aa kwa jua changa, bata wawili wakiukata katikati. Majirani walitarajia auchukie, afunge mapazia, auze nyumba ahamie mlimani. Wengine walimwambia hivyo, kwa wema kabisa.

Hakuwa na ugomvi na mto. Mto haukumwambia asubiri.