Koti Tupu Ndani ya Dole Gumba

Usiku wa jana niliota niko ndani ya dole gumba langu la kulia, lile nililojichoma kwa sindano ya magunia kule kwenye ghala la korosho. Joto kali. Kuta zimevimba, zinapwita.

Mlangoni amesimama askari mweupe, mama mnene, mwili mzima umeota mikono. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umechelewa, Somoe," akasema. "Dole lako linaungua."

"Nani analiunguza?"

"Mimi."

Akanionyesha mkono mmoja ulioshika koti lenye utelezi, koti la kijidudu. Sheria ni kwamba mkono huo ukishika koti, yeye hupiga filimbi, na wenzake humwaga maji ya moto. Filimbi inalia. Maji yananifika magotini.

"Kijidudu chenyewe kiko wapi?"

"Kilikufa tangu adhuhuri."

"Basi liachie koti, mama!"

"Mkono wa kushika haujui kuachia. Unaojua ni mkono wa kuzima filimbi." Akatazama sakafuni. Mkono mdogo umelala chini, umeng'oka begani. "Sheria haisemi kijidudu. Inasema koti. Maji yakifika darini, dole litakatwa."

Ghafla tuko darasa la tano, palepale nilipoachia shule. Askari anaandika ubaoni: NANI ANAJUA KUSHONA?

Mimi najua. Lakini sijawahi kunyoosha mkono darasani, naona aibu. Maji yamefika kifuani. Natazama dawati.

"Dada," ule mkono mdogo ukaniita kutoka chini, "dole likikatwa, hiyo aibu utaishika na nini?"

Nikanyoosha mkono. Tayari nimeshika sindano ya magunia na uzi wake. Nikaushona ule mkono begani mwa askari kama ninavyofunga gunia, nikakaza mafundo mawili.

"Taratibu, mimi si korosho," askari akaguna.

Mkono wa kuzima ukajikunjua, ukaziba filimbi. Kimya. Koti likaanguka.

Wifi yangu Tabia ndiye aliyeniamsha. "Somoe, lete hilo dole. Leo zahanati, utake usitake."

Akafungua kitambaa, akaliinamia dole. Uvimbe umenywea.

"Eh! Si jana tu lilikuwa kama ndizi?"

Nilikuwa naitazama sindano niliyoichomeka ukutani jana jioni ikiwa na uzi mrefu unaoning'inia, tayari kwa kazi ya leo. Ilikuwa palepale. Haina uzi.