Kidonge Ndani ya Kombe

"Bi Zuhura, Maisara yuwameza dawa zake mwenyewe?" jirani yangu Shifa aliwahi kuniuliza, tumekaa barazani hapa mtaani Kuze. Nikamjibu ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema uongo.

Mwanangu Maisara alirudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili mwezi wa Shaabani. Daktari alinionya kuwa akiacha vidonge atarudi kule kule. Wiki ya pili akaanza kuvitema. Kitu pekee alichokubali kunywa kutoka mkononi mwangu ni kombe, zile aya za Kurani ninazoziandika kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha naziosha kwa maji ya marashi, nayo maji hayo hunywewa. Basi nikawa nasaga kidonge, nakitia humo.

Leo asubuhi alifika mwisho wa kikombe, akaona unga umeganda chini. Akauonja kwa kidole.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni dawa, mwanangu. Sikuwa na njia."

"Kwenye maneno ya Mungu?"

"Daktari alisema ukizikosa utarudishwa."

"Hospitali walinishika kwa nguvu, lakini walinambia wanifanya nini." Alisema polepole, kama anayemhurumia mtu. "Kombe ndicho kitu kimoja nilichokuwa nakiamini nyumba hii."

Nikamuomba anywe bilauri ya maji matupu tu, nikayanywa mimi kwanza mbele yake. Akaitazama ile bilauri, asiiguse. Kisha akachukua buibui lake, akafungua mlango, akatoka.