Zamu ya Dakika Nne

Waliouharibu mchezo wa kompyuta wa "Taji la Chumvi" ni watu waliochoka na maisha yao wakaamua na sisi tuchoke, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Sehemu nne za kwanza za mchezo ule zilikuwa vita. Majitu yanavunja lango, joka linatema moto, wachawi wanaviziana, yote kwa wakati mmoja, na mwenye vidole vizito anakufa kabla hajajua kauawa na nani. Halafu inakuja sehemu ya tano na wenye mchezo wanatangaza, hata haya hawana, kwamba sasa watu watacheza kwa zamu. Wewe unasogeza majeshi yako, unakaa. Mwenzako anafikiri dakika nne nzima, anasogeza yake, anakaa. Vita gani hiyo? Hata foleni ya hospitali inakwenda haraka kuliko hivyo.

Mimi ndiye mtangazaji. Kwenye ukumbi wetu wa mashindano wananiita Cherehani, kwa sababu nikianza kushona sikati uzi. Miaka saba nimesimama kando ya ile skrini kubwa, maiki mkononi, watu mia tatu kwenye viti vya plastiki, na nikipandisha sauti wote wanainuka.

Mwenye ukumbi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa kuongea polepole hata nyumba ikiwaka moto. Ijumaa aliniita kwenye chumba cha mitambo, kile cha vioo nyuma ya ukumbi, akafunga mlango.

"Shem, mchezo umebadilika," akasema. "Kesho tutaona kama bado unauweza. Usipouweza, maiki nampa mtu mwingine, na usije ukanishtaki kwa dada yangu."

Nilicheka kwa sauti ili asione nilivyoogopa. Kazi nyingine siijui. Kabla ya ile maiki nilikuwa mtu wa kubeba viti vya ukumbi huohuo, na sikuwa na jina.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikuwa anapiga pasi shati langu la kazi. "Baba watoto, kile kitabu cha sheria mpya umekisoma?"

Kitabu kilikuwa juu ya friji, kurasa tisini, kimekalishiwa sufuria. "Nisome nini?" nikamjibu. "Sehemu zote nne nimetangaza bila kufungua hata ukurasa mmoja!"

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akageuza shati upande wa pili.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa pomoni. Upande mmoja alikaa Umeme, bingwa wetu wa miaka yote, kijana ambaye vidole vyake huvioni akicheza. Upande wa pili, jamani, alikaa mfamasia. Mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa nyuma, miwani mizito, kavaa sweta na jua lote lile. Nilimtazama nikaona huruma, kisha nikaona aibu kwa niaba ya ukumbi.

Kwenye meza ya kando alikaa mama wa kamera, kama siku zote. Huyu kazi yake ni kusogeza kamera ya mchezo ili skrini kubwa ionyeshe mahali penye mapigano. Miaka saba tumekaa kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake na sidhani kama tumezidisha salamu. Yeye ana maiki ndogo ya kuongea na shemeji huko kwenye mitambo, basi. Nilimchukulia kama mtu anayenifuata: mimi napiga kelele za daraja, kamera iko darajani, napiga kelele za lango, kamera iko langoni. Siku hiyo alikuwa amekunja mikono. Mchezo wa zamu hauhitaji kukimbizwa, ramani nzima imetulia mbele ya watu.

Nikaanza kwa mbwembwe. Umeme akasogeza, nikanguruma. Zamu ikaenda kwa mfamasia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Dakika ya kwanza ikapita. Niliitazama ile ramani, milima, vinamasi, majeshi arobaini yamesimama kimya, na sikujua niangalie wapi. Nikasema moyoni kwamba kosa ni la mchezo.

"Mheshimiwa daktari anahesabu vidonge!" nikasema. Watu wakacheka, nami nikapata nguvu. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, usiniharakishe!" Wakacheka tena.

Ndipo mfamasia akafanya upuuzi ambao sijawahi kuuona. Aliyaondoa majitu yake yote langoni, akayapeleka nyuma ya mlima. Mchawi wake, silaha yake kubwa, akamtupa kwenye kinamasi kisicho na adui wala rafiki. Malkia wake, ambaye akiuawa mchezo umekwisha, akabaki pale langoni na wapiga mishale watatu.

"Ebo!" nikapaza. "Kamwacha malkia peke yake! Mabibi na mabwana, mchezo umekwisha, mwenye sweta arudi dukani!" Umeme akatabasamu, akarusha joka lake moja kwa moja likatua langoni. Nikapiga ukelele wa ushindi uliotikisa vioo vya mitambo.

Zamu ya mfamasia tena. Nikaendelea kumsema. Nikamsema miwani, nikamsema sweta, nikasema watu wa aina hii ndio waliotuletea mchezo wa kuangalia ukiwa na mto kichwani. Ule wa mto ulikuwa mzuri, nilijua ungewaua kwa kicheko. Hakuna aliyecheka.

Nikaurudia. Nikatazama maiki yangu, ile taa nyekundu ya kuonyesha inasikika imezimwa. Nikageuka kwenye chumba cha vioo, shemeji hakuniangalia. Alikuwa ameinama kwenye mitambo, na kwenye spika za ukumbi ilikuwa inatoka sauti ya mwanamke, taratibu.

"Joka likishatua haliruki tena mpaka zamu mbili zipite," mama wa kamera alikuwa anasema kwenye ile maiki yake ndogo. "Ndiyo sheria mpya. Kwa hiyo sasa limekaa chini. Yale majitu hayakukimbia, yamezunguka mlima, yatatokea mgongoni mwake. Na mchawi pale kinamasini anafungulia maji. Maji yatafunika barabara, na jeshi la Umeme halitapita kuja kulisaidia. Mtazameni Umeme mkono. Ameshaona."

Watu mia tatu walikuwa wamesogea ukingoni mwa viti vyao. Umeme alikuwa ameushika mdomo. Maji yakafunika barabara. Majitu yakatokea nyuma ya mlima, moja, mawili, matano, na lile joka lililotutisha miaka saba likauawa chini, polepole, mbele ya macho yetu.

Sitadanganya. Nilimchukia mama yule. Nilimchukia mfamasia na sweta lake, na shemeji niliapa sitamwamkia tena. Lakini masikio hayana kifuniko, nilisikiliza. Kila alichokitaja nilikiona, na kabla hajakitaja sikuwa nakiona. Kumbe miaka yote saba kamera ilikwenda darajani kwanza, ndipo mimi nikapiga kelele za daraja. Nilikuwa naipigia kelele akili ya mtu mwingine, na kwa kuwa mambo yalikwenda mbio, hakuna aliyenishtukia, hata mimi mwenyewe.

Nikauelewa mchezo kwa mara ya kwanza tangu nianze kuutangaza. Ulikuwa mzuri, na roho iliniuma kuliko siku yoyote niliyoijua.

"Kaka Cherehani," dada mmoja wa mstari wa mbele akaninong'oneza, tena kwa adabu, huku akinyoosha shingo kuitafuta skrini. "Samahani, unatuziba."

Nikatafuta kiti cha plastiki, nikakaa.