Tahadhari Iliyotazama Ukuta

Karatasi waliyotaka mdogo wangu aitie sahihi ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema ameungua "kutokana na uzembe wake wa kutozingatia tahadhari iliyoandikwa." Akisaini, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na kiwanda kingine kikiuliza kitaambiwa alikuwa mzembe. Asiposaini, faili litaandikwa vilevile bila yeye. Hivyo ndivyo walivyomwachia achague.

Neno hilo nalijua. Nina miaka kumi na tisa ya ufundi mitambo katika kiwanda hiki cha kutia nyuzi rangi, na nimeliona likiandikwa mara sita. Mkata marobota alipopoteza vidole viwili, uzembe. Mama wa mizani alipoangukiwa na mnyororo, uzembe, na mnyororo wenyewe nilikuwa nimeuandikia barua tatu. Shule mimi niliiachia darasa la saba. Kusoma nimejifunzia kwenye makasha ya vipuri na vitabu vya mashine. Lakini katika kusoma kwangu kote sijaona uzembe ukipanda ngazi kwenda ofisini. Unateremka tu. Kwa kusema maneno kama haya wamenipa jina la Kelele, na silikatai.

Mdogo wangu si mzembe. Huyu ni mtu anayesoma karatasi ya dawa mpaka jina la mtengenezaji kabla ya kumeza kidonge. Walimhamisha kutoka chumba cha kusokota, wakampeleka tangi namba mbili, wakamwambia maelekezo yako ukutani, fuata kama yalivyo. Akafuata.

Sasa sikiliza tunavyofanya kazi pale. Ukutani pana fremu yenye kioo, na ndani yake karatasi ya Bwana Hatua. Huyo ndiye mwandishi wa maelekezo yote ya kiwanda, na jina tulimpa kwa sababu hata akikuagiza chai anakupangia hatua ya kwanza na ya pili. Karatasi yake ni ya wageni. Ya kwetu ni chaki. Ubavuni mwa kila tangi, aliyewahi kuliendesha ameandika yale ambayo mwenzake lazima ayajue, na kwenye namba mbili paliandikwa kwa herufi kubwa: SUBIRI MSHALE ULALE. Maana tangi lile limezeeka. Unafunga mvuke, unasubiri dakika tano, na bado limebana pumzi tumboni. Ukiufungua mfuniko kabla mshale wa geji haujalala kwenye sifuri, mvuke unakurukia.

Juma lile walikuwa wanakuja wanunuzi. Meneja akaagiza mashine zioshwe zing'ae, na chaki yote ikafutwa kwa sabuni na brashi. Kesho yake mdogo wangu akashika zamu. Aliyemtangulia alikuwa ameshaondoka, wa kumuuliza hayupo. Akasoma kioo, akafunga mvuke, akazima pampu, akahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani, akazungusha gurudumu la mfuniko. Mkono wa kulia uliiva kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Tuliitwa ofisini siku ya kumi na moja tangu aungue. Meneja mezani, Bwana Hatua pembeni na faili lake, mdogo wangu na bandeji yake, na mimi kama mwakilishi wa wafanyakazi.

"Pole sana, dada," Meneja akasema. "Lakini tahadhari ilikuwepo. Hukuizingatia."

"Niliyasoma yote, bosi. Hapakuwa na tahadhari."

"Ipo," akasema Bwana Hatua kwa upole, kama mwalimu. Akafungua faili na kutusomea: "'Tahadhari. Kabla ya hatua ya nne, hakikisha mshale wa geji umefika sifuri. Ikiwa haujafika, fungua koki ya kutolea mvuke.' Ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili uko wapi?" nikauliza.

"Nyuma ya karatasi."

"Na karatasi iko wapi?"

Mimi nikasimama, nikawaambia twende chini kwenye tangi.

Nikatoa bisibisi mfukoni na kufungua skrubu nne za fremu mbele yao. Karatasi ilikuwa imegandia ubao kwa unyevu, ikabanduka taratibu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa manjano kwa miaka ya kutazamwa. Wa pili ulikuwa mweupe pe. Miaka tisa tahadhari ile imekuwa ikiuonya ukuta.

Waendesha mashine wakaanza kusogea. Mzee wa tangi namba tatu akaikodolea macho, akasema, "Ndiyo maana ukuta huu haujawahi kuungua." Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Alipaswa kuuliza," Meneja akasema. "Mtu mwenye akili anatazama geji."

"Sawa," nikasema. "Basi tujaribu. Tangi limemaliza kupika sasa hivi. Bwana Hatua, karatasi ni yako. Soma ukurasa huu wa mbele, ufanye ulichoandika. Usiongeze, usipunguze."

"Sina haja ya—"

"Umeshawahi kuliendesha?"

"Mimi ni mwandishi, Kelele."

"Basi leo uwe msomaji. Ni mara moja tu."

Angeweza kuondoka, lakini watu walikuwa wameshamzunguka. Akasoma hatua ya kwanza, akafunga mvuke. Hatua ya pili, akazima pampu. Hatua ya tatu akasimama akitazama saa, jasho likimtiririka shingoni, na tangi likinong'ona kwa ndani kama linavyonong'ona siku zote. Dakika tano zikatimia. Akasoma kwa sauti: "'Nne. Zungusha gurudumu kushoto hadi mfuniko uachie.'" Akaweka mkono juu ya gurudumu.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, tayari kumvuta. Sikumvuta. Macho yake yalipanda yenyewe kwenye geji, na mkono ukatoka pale kama umeshika kaa la moto.

"Mbona umeacha?" mdogo wangu akamuuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema tangu tushuke.

"Mshale uko kwenye mbili."

"Imeandikwa wapi nitazame mshale?"



"Meneja," nikasema, "andika kwamba mfanyakazi huyu amekataa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Yule amefuata, ni mzembe. Huyu hajafuata, ni mzima. Tuambie tu ofisi inataka tushike lipi."

Nikafungua koki, nikasubiri mshale ulale, nikaufungua mfuniko. Tukarudi juu. Njiani Meneja alikuwa ameshapata neno jipya. Alilikata lile la uzembe kwa kalamu, akaandika juu yake "ajali ya bahati mbaya," akaisukuma karatasi mezani. Kazi yako ipo, akasema, saini tuyamalize.

Nakiri mimi ningeipokea. Nilishaona mabaya zaidi. Mdogo wangu akairudisha kwa mkono wa kushoto.

"Bahati haikuandika karatasi, bosi. Bwana Hatua, mkono wangu hauandiki. Chukua karatasi safi, niandikie. Wewe unajua kupanga hatua."

Bwana Hatua alimtazama Meneja, kisha akachukua karatasi. Mdogo wangu akamtajia polepole, huku akimngoja amalize kila mstari. Moja, maelekezo yaliandikwa na mtu asiyewahi kuendesha tangi. Mbili, tahadhari iliwekwa baada ya tendo, nyuma ya karatasi. Tatu, karatasi ilifungiwa kwenye fremu. Nne, onyo la chaki lilifutwa kwa amri ya Meneja ili wageni waone usafi.

Kalamu ikasimama.

"Hilo la nne halihusiani," Meneja akasema.

"Ukiliruka," mdogo wangu akamwambia Bwana Hatua, "atakayesoma hataelewa nimeunguaje. Utakuwa umefanya yale yale tena."

Nilimtazama yule bwana ambaye kwa miaka tisa nimemwita majina mbele ya watu, na nilikuwa na jingine mdomoni. Akainama, akaandika la nne, lote, pamoja na neno Meneja. Halafu akaongeza la tano ambalo hakuna aliyemtajia: mwandishi ni mimi. Akatia sahihi yake chini.

Mdogo wangu akatia ya kwake kwa kushoto, herufi moja moja. Kisha akaomba nakala.