Chini ya Zege la Shemeji

Tangu alfajiri mshonaji hakutulia. Chai ilimpoea mezani, cherehani haikuguswa, naye akawa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo shemeji yake mkandarasi, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anakuja kutoa mirunda, ile miti iliyolishikilia zege la dari ya nyumba yake mpya. Na zege lenyewe lilikuwa limebonyea katikati, likapasuka ufa kutoka ukuta hadi ukuta. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kuhusu ufa ulio juu ya utosi wa mtu hawakusema kitu, labda kwa kuwa wao waliezeka nyasi.

"Mwache aingie," wakili wake alimwambia. Alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, aliyekuja kushuhudia. "Sheria inampa nafasi ya kurekebisha alichoharibu. Ukimfungia geti, atasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Lakini akishindwa mbele yetu, tunauvunja sisi. Unaleta fundi mwingine, na hasara yote inamwangukia yeye."

"Na akiusiliba ufa kwa plasta usionekane?"

Wakili alikuna shingo. "Hapo litabaki neno lako na neno lake."

Hilo ndilo lililomkosesha mshonaji usingizi. Ukweli ukisilibwa, mabinti zake wawili wangelala chini ya zege lile, na yeye angekesha akilisikiliza.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, kamnunia. Tangu aliposikia neno mahakama hakumsemesha tena. "Damu hazishtakiani," alisema siku ile, akafunga mdomo. Alikuwa mjane wa mwashi na mama wa mkandarasi, naye alimwamini mwanawe kama anavyoamini jua litachomoza.

Shemeji akaja na ndoo, mwiko, nyundo na kicheko.

"Shemeji! Wakili wa nini tena? Kwani nimeiba mbuzi?" Kwa mdomo hakuwa na mpinzani, laiti zege lingeshikwa kwa maneno. "Natoa miti, napiga plasta, unaweka saini, tunasahau. Sisi si ndugu?"

Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono na kugonga mti wa kwanza wa pembeni. Ukaanguka. Akagonga wa pili. Vumbi likadondoka kutoka juu, na mshonaji akaziba mdomo kwa kanga asipige kelele.

"Baba yako alikuwa anasimama wapi?" mama mkwe akauliza ghafla.

"Eti, mama?"

"Akitoa miti. Alikuwa anasimama wapi?" Hakungoja jibu. "Katikati! Vibarua wanagonga, yeye yuko chini ya zege lake, kakunja mikono, mpaka mti wa mwisho. Mwenye nyumba akishaona hivyo, moyo unatulia. Haya, mwanangu, simama na wewe. Mkwe wangu atulie, haya mambo ya mahakama yaishe."

Aliyasema kwa fahari, macho yanang'aa. Hakuwa anamtega mtu.

Shemeji akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Mama, hayo ya zamani. Siku hizi kuna vipimo."

"Basi nitasimama mimi."

Kabla hajazuiwa, bibi kizee alishampita mwanawe mlangoni, fimbo ikigonga sakafu, hadi katikati ya chumba. Akakunja mikono.

"Haya, gonga."

Mshonaji alipiga ukelele. "Mama, toka! Nakuomba! Sitaki kesi, sitaki na nyumba yenyewe!"

"Nyamaza, mwanangu. Kajenga nani? Si mtoto wangu?" Akamgeukia mwanawe. "Gonga, baba."

Shemeji aliinua nyundo. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, naye akatazama juu, akamtazama mama yake, akatazama juu tena. Nyundo ikamponyoka.

"Mama, toka humo! Litakuangukia! Nondo sikuweka zote!"

Wakili alisikia. Mshonaji alisikia. Bibi kizee naye alisikia, na kwa mara ya kwanza akauinulia ufa ule macho. Aliutazama kutoka ukuta hadi ukuta, na nje hakuna aliyethubutu kumfuata.

Kisha akatoka polepole. Alimpita mwanawe bila kumgusa, akaja kumshika mkono mkwewe.

"Wakili," akasema, "huko mahakamani shahidi wa kwanza ni nani?"

"Ni mwenye kesi, mama. Huyu mkweo."

"Basi wa pili niandike mimi."

Halafu akaomba aletewe kigoda chake, akakaa kando ya mkwewe.